Mpira Mmoja Ulionyooka

Mimi ni Mnyamwezi na mdomo ninao. Naanza na hilo mapema, usije ukasema baadaye kwamba nilikuficha. Mdomo huu umenifikisha mbali, na mdomo huu huu ndio ulionifanya nishindwe kumtazama mzee mmoja usoni, mzee ambaye hakunikosea kitu duniani.

Niko Morogoro mwaka wa kumi na nne sasa, mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili na mihuri. Fimbo ya gofu sikuwahi kuigusa mpaka tulipoletewa bosi mpya anayeipenda gofu kuliko chakula. Ghafla ofisi nzima ikawa na mapenzi na gofu. Watu waliokuwa wakimalizia jioni zao kwenye nyama choma kule Msamvu wakaanza kuzungumzia namna ya kukunja goti na kuzungusha kiuno. Nami nikasema, ala, kwani wao wana nini? Nikanunua kofia kwanza, fimbo zikafuata.

Uwanja wa mazoezi uko chini ya mlima na ni wa watu wote, mradi uwe na viatu. Unapewa ndoo ya mipira, unasimama kwenye mkeka wa nyasi za plastiki, unapiga kuelekea milima ya Uluguru. Hakuna mashimo wala kushindana. Mpira unaenda kulala majanini, unachukua mwingine. Asubuhi minara ya mawasiliano kwenye kilele cha Bondwa inakuwa bado imo ndani ya wingu, na ubavuni mwa mlima unaona moshi wa watu wanaochoma majani mashambani mwao. Mgeni akifika hapo kitu cha kwanza anatoa simu apige picha. Mimi mlima nilikuwa siuoni. Nilikuwa nautazama mpira wangu ukipinda kulia kwenda kwenye mikaratusi, kila siku ya Mungu, utadhani huko kuna ndugu zake.

Aliyekuwa akiokota mipira ile zamu ya asubuhi ni mzee wa Kiluguru, mkulima wa mboga kutoka kijiji kimoja cha juu, umri wa baba yangu mdogo. Alishuka alfajiri na kupanda mchana. Shingoni alivaa rozari, mkononi alishika tenga, na kabla hajakanyaga majani ya uwanja alifanya jambo moja ambalo sikuwahi kumwona akilisahau: alipandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti ulio kando ya mikeka. Kitambaa kikiwa juu, hakuna kupiga, mtu yuko uwanjani. Akitoka na tenga lake, anakishusha, tunaendelea. Utaratibu wenyewe ni huo tu, hata mtoto angeuelewa.

Siku ya kwanza aliponiuliza kabila langu nikamjibu, alicheka mpaka akakaa chini. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, na mtani humwambii asikutukane, ni haki yake.

"Mnyamwezi gani wewe," akasema, "fimbo moja tu inakushinda? Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu vichwani mpaka Bagamoyo, wakatuomba maji, tukawapa. Leo mjukuu anahangaika na kimpira!"

"Nyamaza, mtumwa wangu," nikamjibu. "Nyie Waluguru mnazaliwa mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa kukaa mlimani. Mkishuka huku tambarare mnaanza kuzunguka duara."

Tangu siku hiyo tukawa wamoja. Nikifika nasema, "Shikamoo, mtumwa wangu," naye anaitikia, "Marahaba, mjukuu wa wapagazi." Mama yangu alipougua kule Tabora, mzee huyu ndiye mtu wa kwanza Morogoro kuniuliza habari zake, na baada ya kuuliza akasema kama nitamzika bila kumwita atakuja kulala ndani ya kaburi, nisipate pa kumweka. Ndivyo watani wanavyopeana pole. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Sasa, katika kutaniana kwetu mimi nikaongeza langu. Akiwa uwanjani anaokota, kitambaa kiko juu, nasimama kwenye mkeka, nanyanyua fimbo kama nataka kupiga, napaza sauti, "Leo nakuua, Mluguru!" Naye anaruka, anajifunika kichwa kwa tenga, anarudisha matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Watu kwenye mikeka wanacheka. Baadaye kunyanyua fimbo kukaonekana hakutoshi. Nikaanza kupiga kweli, mpira mmoja tu, nikijua utapinda kulia kama desturi yake. Ulipinda. Mara ya pili ukapinda. Nani angeniambia kitu? Ni mtani wangu. Meneja wa uwanja, mama mmoja mkali sana kwa mambo ya taratibu, alikuwa hajafika saa zile, na wenzangu walichukulia ni mchezo wa watani, hauwahusu.

Jumamosi ile nilikuwa na mgeni kutoka makao makuu Dodoma. Bosi aliniomba nimtembeze, nami nikaona mlango umefunguka. Nilitaka arudi huko akisema, Morogoro kuna jamaa mmoja mchangamfu ajabu. Tulifika mapema, tuko wawili tu kwenye mikeka. Mzee akatusalimu, akapandisha kitambaa, akaingia uwanjani na tenga lake. Mgeni hakujua kitambaa ni cha nini, na alikuwa amegeuka pembeni anapiga picha wingu likipanda mlimani.

"Bosi, geuka uone kitu," nikamwambia mgeni. "Nina mtumwa wangu pale, tazama atakavyoruka."

Nikapaza sauti, "Leo nakuua, Mluguru!" Nikapiga.

Nitasema ukweli, maana nimechoka kuuzungusha. Mpira ulipotoka kwenye fimbo nilifurahi. Mwaka mzima nimeutafuta mlio ule, ule mlio mkavu mtamu wa mpira uliopigwa katikati, na sasa ndio huo. Ulienda umenyooka, haukupinda hata kidogo. Nilimwambia mgeni, kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "Umeuona huo?" Nilikuwa bado nimenyanyua fimbo juu, nimesimama kama mtu anayesubiri kupigwa picha, wakati mzee alipokuwa tayari amelala chini.

Nilikimbia. Alikuwa ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole, tenga limemwagika. Alisema, "Mama yangu," mara moja tu. Halafu akasema, "Mtani, umeniweza." Nikamnyanyua, nikamkokota mpaka kando, nikamkalisha, nikakimbilia gari. Njiani kwenda kwenye gari nikapita kwenye mlingoti, nikavuta kamba, nikashusha kitambaa.

Kwa muda mrefu nilijiambia nilikishusha kwa mazoea, kwa kuwa mtu ametoka uwanjani, na mtu akitoka kitambaa kinashushwa. Maneno mazuri. Lakini mtu aliyetoka kumkokota mzee anayevuja damu anakumbukaje kamba? Jibu nalijua, na wewe unalijua.

Hospitali walifanya walichoweza. Jicho la kushoto halikurudi.

Meneja alituita siku ya tatu, mimi ofisini kwake, mgeni kwa simu. Swali lake lilikuwa moja: kitambaa kilikuwa juu au chini? Mgeni akasema yeye hakuona kitambaa chochote, na kwa kweli hakuwa anatazama. Meneja akanigeukia. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, lakini hayakuhitajika. Nilisema, "Kilikuwa chini." Maneno mawili. Tena nikaongeza kwa huruma, mnafiki mimi, "Mzee wa watu, umri nao umekwenda, labda alisahau."

Basi ikawa hivyo. Mzee akaambiwa apumzike, asirudi tena kwenye kazi inayotaka mtu makini. Nilisikia hakubisha. Nami nikakaa kimya, nikajiambia jicho limeshaondoka, ukweli wangu hautalirudisha. Hospitali nilikwenda mara mbili, akiwa amelala, namshukuru Mungu alikuwa amelala. Kijijini kwake sikupanda. Gofu niliendelea. Ndiyo, niliendelea! Mpira ukarudi kupinda kulia, na mwokotaji mpya hakuwa na neno na mtu.

Masika yalikuwa yamepita nilipokutana sokoni na mke wa mzee, tuliyeonana hospitali, amekaa nyuma ya mafungu ya karoti na maharage mabichi. Nilitaka kugeuza njia, akaniwahi.

"Mtani! Umetupa jongoo na mti wake?"

"Shikamoo mama. Kazi, mama. Kazi nyingi."

"Marahaba. Kazi haziishi, baba. Njoo umwone mtani wako. Jicho amelizoea, si hilo. Ni akili yake. Anasema inamtoka. Funguo za kigango amezirudisha kwa katekista. Miaka yote anafunga na kufungua kanisa yeye, sasa anasema atasahau mlango wazi wezi waingie. Akizima moto, ananiuliza kama ameuzima. Wajukuu hawavushi tena mtoni, anaogopa atamsahau mmoja ng'ambo. Nikimwambia wewe mzima, ananijibu, mzima gani asahau kitambaa?"

Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, "Yeye mwenyewe hakumbuki kwamba alikipandisha?"

"Anakumbuka! Ndiyo maana anaumia. Anasema, mimi naiona mikono yangu ikivuta kamba, lakini mtani wangu alisema kilikuwa chini. Mtani wangu atanitukana mpaka kaburini, ila kunisingizia hawezi. Basi hii mikono ninayoiona ni ya ndoto."

Mama alinifungia karoti, akakataa nilipe. Nilizibeba mpaka Mazimbu ninakoishi nikashindwa kuzila. Zilinyaukia jikoni, mke wangu akauliza mara mbili kisha akazitupa.

Jumapili iliyofuata nilipanda. Bodaboda ilinifikisha hadi barabara ilipokwisha, safari iliyobaki nikamaliza kwa miguu, nahema, nasimama kila kona, watoto wenye madumu ya maji wananipita wakinipa shikamoo. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anachambua mbegu za maharage. Aliinua uso. Upande wa kushoto kope imelala, imezama ndani. Nilikuwa sijaliona lile jicho tangu lifungwe bendeji.

"Nani huyo anahema hivyo? Mnyamwezi! Kumbe mlima unawatoa roho hata bila mzigo kichwani!"

Alifurahi, jamani. Alinyanyuka akanishika mikono yote miwili, akaniita mjukuu wa wapagazi, akaagiza niletewe magimbi na chai. Akanionyesha jicho lake kama mtu anayeonyesha shati jipya. "Sasa naona nusu tu ya ubaya wako," akasema. Mimi nikawa nacheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Nikaweka kikombe chini. "Mzee wangu, nisikilize. Nina neno si la utani."

"Mnyamwezi ana neno si la utani! Mama, njoo usikie."

"Kitambaa kilikuwa juu. Ulikipandisha. Mimi nilikiona, nikapiga. Kisha mimi ndiye niliyekishusha, na meneja nikamdanganya. Akili yako ni nzima, mzee. Mwongo ni mimi."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kama siku ile ya kwanza, akapiga paja, akakohoa, mbegu zikamwagika kutoka kwenye ungo.

"Huyu mtu!" akasema. "Amepanda mlima wote kuja kunibembeleza! Mama, unamsikia? Ameona mtani wake amepatwa na uzee, anataka kujitwika dhambi yeye, ili nijisikie vizuri. Asante sana, mtumwa wangu. Lakini uongo hujui, uso unakusaliti."

"Naapa, mzee."

"Apa! Apa na kwa pembe za ndovu!"

Niliapa kwa mama yangu. Akacheka zaidi. Nilishuka chini nikapiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima na suruali yangu ya Jumapili, akasema Wanyamwezi ni wachekeshaji kuliko watu wote, hajapata kuona. Nilitaka kulia kwa hasira. Miezi yote ile nilijifunika kwa utani kama blanketi, na siku niliyotaka kulivua, likawa haliondoki. Kila nilichosema aling'ang'ania kuwa ni mapenzi. Alikuwa ameamua siwezi kuwa mtu wa namna ile.

Mke wake peke yake ndiye hakucheka. Alikusanya vyombo polepole. Nilipoaga, akanisindikiza mpaka mwisho wa migomba.

"Ulichosema pale ni kweli," akasema. Hakuuliza.

"Ni kweli, mama."

Nilitamani anipige kofi. Angenipiga ningelala usingizi siku hiyo.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema. "Sisi tumeambiwa hivyo tangu watoto. Sasa humu kwangu usiseme tena, hataamini. Nenda kaseme kule kule ulikosemea uongo, mbele ya watu wenye kazi yao."

Nilikwenda siku iliyofuata. Nisijisifu, nilizunguka uwanja kwa gari mara tatu kabla ya kuingia. Meneja alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akavua miwani, akasema, "Yaani kamba uliivuta wewe?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alisema nirudi Jumamosi, atamwita mzee, nirudie maneno yale mbele ya waokotaji na mbele ya wote watakaokuwepo kwenye mikeka. Bosi wangu alikuwa mmoja wao, na kofia yake.

Mzee alikuja na shati jeupe la kanisani. Aliniona, akaanza kutabasamu, mdomo uko tayari kunitupia neno. Meneja akasema, "Mzee, subiri kwanza." Nikasimama kando ya mlingoti, nikasema yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo, bosi akaniambia niseme kwa nguvu. Nikasema kwa nguvu.

Tabasamu halikumtoka mzee mara moja. Lilikuwa linatoka kidogo kidogo, huku akinitazama mimi, akimtazama meneja, akinitazama tena, anatafuta ni nani kati yetu atakayeanza kucheka. Hakuna aliyecheka.

"Kilikuwa juu?" akauliza.

"Kilikuwa juu."

"Nilikipandisha mimi? Kwa mikono hii?"

"Wewe mwenyewe, mzee."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza. "Kumbe ni mzima," akasema. "Kumbe mimi ni mzima." Alisema kwa furaha ya kweli, akimwambia meneja, akiwaambia waokotaji wenzake, na wao wakamshika mabega. Mimi hakuniambia. Meneja akamuuliza kama atarudi kazini, akasema atarudi, na siku ile ile, shati jeupe hilo hilo, akaenda kwenye mlingoti akavuta kamba, akakitazama kitambaa mpaka kilipofika juu kabisa.

Nasikia funguo za kigango amerudishiwa, na wajukuu wanavuka naye mto. Fimbo zangu nimeziuza. Ofisini bosi hanitumi tena kutembeza wageni, na hilo halinisumbui kama nilivyodhani.

Nilikaa wiki kadhaa, kisha nikashindwa. Nilikwenda uwanjani asubuhi, mikono mitupu, nikamkuta mzee ananing'iniza tenga kwenye msumari. Nilisimama mbali kidogo. Nilijua ana haki ya kunitukana tusi lolote alitakalo, na nilikuwa nalitaka, kubwa kuliko yote aliyowahi kunipa. Ningelipokea kwa magoti.

"Shikamoo, mtumwa wangu," nikasema.

Aligeuka, akafuta mikono kwenye suruali, akanisogelea kwa heshima kama anavyomsogelea mgeni yeyote wa uwanja ule, akainamisha kichwa kidogo.

"Marahaba, bwana," akasema. "Karibu sana. Tukusaidie nini?"